Fungate Haihitaji Ukuta

Zamani Waswahili walikuwa na neno lao la kuhesabia saba, nalo ni fungate. Kamusi kongwe za lugha yetu zinalipa maana mbili zinazokwenda pamoja: namba saba yenyewe, na siku saba zinazofuata harusi. Saba ya Kiarabu ilipoingia ikachukua hesabu yote, fungate ikabakiwa na zile siku tu, na hivyo ndivyo tulivyoipokea sisi. Naanza na neno hili kwa sababu limebeba jambo tulilolisahau. Fungate ilikuwa muda. Bwana na bibi harusi walikaa ndani siku saba, na mtaa mzima ukajua wamo ndani na kwa sababu gani. Leo ukimuuliza kijana wa Dar es Salaam anayemalizia kukusanya michango fungate yake itakuwa nini, atakujibu kwa jina la mahali: Nungwi, Paje, Diani, Dubai, na mwenye ndoto kubwa zaidi atakuonyesha kwenye simu picha za ufukwe wa Jamaika. Muda umegeuka mahali, na mahali pamegeuka kifurushi kinachonunuliwa.

Kifurushi chenyewe kina sura moja popote kilipo. Unalipa mara moja kabla hujatoka nyumbani, na malipo hayo yanabeba chumba, milo mitatu, vinywaji, muziki wa jioni, hata boti ya kwenda kutazama samaki. Wenye hoteli husema kila kitu kimo ndani. Ukifika mapokezi unafungwa bangili ya plastiki mkononi. Ukiitazama kwa karibu ni kitu kidogo sana: utepe mwembamba wenye kishikizo kinachobofya mara moja tu, hakifunguki tena, na siku ya kuondoka hukatwa kwa mkasi. Rangi yake inamwambia mhudumu wa baa akupe kinywaji gani na akunyime kipi. Inamwambia pia mlinzi wa ufukweni nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Maharusi wanaoga nayo, wanalala nayo, na kwenye picha zao za fungate inaonekana kwenye mkono ule ule wenye pete ya ndoa.

Ninachosema ni hiki: kwa watu wawili wanaoanza nyumba, kulipia kila kitu mapema kunawanyima kazi ndogo ndogo ambazo fungate iliwekwa ili zifanyike, na kunamnyima mwenyeji mgeni wake. Ushahidi upo Karibi, upo Gambia, upo Unguja. Upo pia Lushoto, juu ya milima ya Usambara, ambako mfumo huu haujaota mizizi, na kwa hiyo bado mtu anaweza kuona kwa macho kile ambacho ukuta huchukua pale unapojengwa.

Mfumo wenyewe haukuzaliwa Karibi, ingawa huko ndiko ulikokomaa. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alifungua kijiji cha mahema huko Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca, na huo ukawa mwanzo wa kampuni ya likizo ya Club Med. Baadaye wageni wake wakawa wanalipia vinywaji kwa shanga badala ya fedha. Ulaya ilikuwa imetoka vitani juzi tu, na wazo la watu kupumzika pamoja bila kutazamana mifuko lilikuwa na utu ndani yake. Lakini lilipovuka bahari likakuta mazingira mengine. Jamaika ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya siasa kali na bunduki katika mitaa ya Kingston, na watalii waliogopa kutoka nje ya hoteli. John Issa alifungua hoteli ya kila kitu ndani huko Negril mwaka 1976, akaifuatishia nyingine ya wapenzi wawili wawili tu huko Ocho Rios mwaka 1978. Mwaka 1981 Gordon Stewart, aliyejulikana zaidi kwa jina la Butch, akafungua hoteli ya kwanza ya Sandals huko Montego Bay, na jina hilo likaja kuwa sawa na fungate kwa Wamarekani wengi. Ukifuata mlolongo huo utaona kwamba ukuta ulikuwa jibu la woga. Mgeni aliahidiwa bahari ya Jamaika bila Wajamaika, isipokuwa wale waliovaa sare.

Sasa tujiulize woga huo unatuhusu nini sisi. Mhasibu wa Ubungo na mkewe muuguzi wanaogopa nini wakifika Lushoto? Lugha ya sokoni ni yao. Wanajua kumwamkia mzee, wanajua bei ya kabichi, wanajua kwamba konda akisema gari linaondoka sasa hivi maana yake bado kidogo. Mtalii kutoka Ohio asiyejua neno hata moja la hapa ana sababu ya kutafuta mahali patakapomfikiria kwa niaba yake. Mtanzania anayejifungia nyuma ya ukuta ule ule, katika nchi yake mwenyewe, amenunua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Msomaji anayejua mila za pwani atanisimamisha hapa, na ana haki. Atasema: fungate ya zamani nayo ilikuwa kila kitu ndani. Maharusi hawakupika, hawakufua, hawakwenda sokoni. Sinia la chakula liliingia asubuhi, mchana na usiku, maji ya kuoga yaliwekwa tayari, udi ukafukizwa, mlango ukafungwa. Tofauti iko wapi? Hili ndilo pingamizi lenye uzito kuliko yote na sitaki kulipita haraka. Ni kweli maharusi walihudumiwa kwa kila kitu. Lakini tazama nani aliyehudumia. Sinia lilitoka kwa mama wa bibi harusi, au kwa shangazi, au kwa jirani aliyewahi kuletewa sinia kama hilo siku yake. Aliyekaa karibu na mlango alikuwa somo au kungwi, mwanamke aliyemfunda bibi harusi na aliyejua siri za nyumba zote mbili. Kila tonge lilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa akiwaweka maharusi deni ambalo wangelilipa miaka inayofuata kwa kuhudhuria misiba yake, kuwafunda binti zake, kupeleka masinia yao. Siku saba za ndani zilikuwa namna ya kufungwa kwenye ukoo kwa kamba nyingi nyembamba. Ndiyo maana siku ya nane walitoka wakiwa watu wengine mbele ya mtaa.

Hotelini sinia linakuja pia, na linaletwa kwa heshima. Ila aliyelileta amekatazwa kuwa na deni nanyi wala ninyi kuwa na deni naye. Mmeshamalizana kwenye kompyuta ya wakala miezi miwili kabla. Huwezi kumshukuru mama wa Kiwengwa aliyepika kwa sababu humjui, na pengine viazi vimepikwa na mpishi wa kutoka mbali kwa mapishi yaliyoandikwa makao makuu ya kampuni. Fungate ya zamani ilifunga mlango ili kuwaunganisha maharusi na watu. Hii ya bangili inafunga mlango ili kuwatenga nao. Milango inafanana, na ndiyo sababu tumedanganyika kirahisi.

Hatuwezi kuirudisha fungate ya siku saba kama ilivyokuwa. Shangazi yuko Mwanza, mama yuko Songea, somo ana kazi benki, na chumba cha kupanga Tabata hakina ukumbi wa kungwi kukaa. Swali la leo ni wapi maharusi wa mjini watapata kitu kinachofanya kazi ile: faragha ya kweli, pamoja na watu wa kweli wa kuwakaribisha. Jibu langu ni milimani, na nitaeleza kwa nini Lushoto hasa.

Basi la Lushoto linatoka Mbezi, linapita Chalinze, Segera na Korogwe, na safari inakula sehemu kubwa ya siku. Mombo ndipo joto linapoachwa. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kupanda tu, barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, genge upande mmoja na mto upande wa pili. Soni kuna maporomoko ya maji yanayoonekana ukiwa ndani ya gari. Ukisogea mbele, migomba inakuja hadi dirishani, nyumba zimeketi juu ya vilima kama zimewekwa moja moja kwa mkono, na baridi inaingia kabla hujafika mjini, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Wajerumani waliupenda hivi kwamba waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na baada yao Waingereza walikuja kupoza joto la tambarare na la mashamba ya mkonge. Walikuja wakiwa watawala. Maharusi wanaokuja leo ni wageni wa kawaida, na kwa mgeni wa kawaida mlima una desturi zake.

Tazama jambo dogo linalotokea kando ya barabara wakati wa matunda. Wanawake wamepanga plamu na peasi kwenye sado, kila sado imejazwa hadi juu ikatengeneza kichuguu, na tunda moja la juu kabisa limefutwa kwa kanga likang'aa. Maharusi wawili wanasimama. Kabla ya bei kuna salamu: shikamoo mama, marahaba, mmetoka wapi, poleni na safari. Kisha bei, kisha kupunguziana, na baada ya kukubaliana inakuja nyongeza, matunda matatu manne yanayotupiwa kwenye mfuko bila kuhesabiwa. Biashara yote haichukui dakika kumi. Ndani ya dakika hizo mume amegundua kwamba mkewe ni hodari wa kupatana bei, mke amegundua kwamba mumewe anaona aibu kupunguza bei kwa mama mzee, na wote wawili wameamua, bila kikao, nani atashika pochi. Muuza matunda naye amegundua kwamba ni maharusi, kwa sababu hilo halifichiki, na nyongeza imeongezeka tunda moja. Hakuna hoteli inayoweza kuweka jambo hili kwenye kifurushi, kwa kuwa likishalipiwa mapema halitokei.

Ndiyo maana nasema kazi ndogo ndogo. Ndoa haijengwi kwa kula kamba mbele ya bahari, ingawa kamba ni watamu. Inajengwa kwa maamuzi mamia yasiyo na uzito: twende leo au kesho, tutembee au tuite bodaboda, tumlipe nini kijana aliyetuongoza, mvua ikinyesha tufanyeje, umekasirika au umechoka. Mfumo wa kila kitu ndani umebuniwa kwa makusudi ili maamuzi hayo yasiwepo. Unauzwa kwa sifa hiyo hiyo. Maharusi wanarudi nyumbani wakiwa wamepumzika, halafu wanakutana na bili ya umeme, mashemeji, na bosi, wakiwa hawajawahi kuamua pamoja jambo kubwa kuliko rangi ya ukumbi, na hata hilo huenda liliamuliwa na kamati.

Lushoto inawapa mazoezi ya bei nafuu. Kutoka mjini hadi Irente ni mwendo wa miguu wa saa moja na zaidi kidogo, kupitia mashamba ya watu, na mwisho wa njia ardhi inakatika ghafla: chini kabisa iko Mazinde na mashamba ya mkonge, na mbele yake nyika inayoishia machoni. Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, ambalo kwa miaka mingi limewauzia wageni mkate mweusi wa namna ya Kijerumani, jibini na jamu zinazotengenezwa pale pale. Upande mwingine kuna msitu wa Magamba, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ambamo mbega weupe na weusi huruka juu ya vichwa vya wapitao. Wenye miguu wanaweza kutembea siku tatu hadi Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, wakilala Rangwi njiani. Kila kituo kina mtu wa kumwamkia na kitu cha kulipia, kidogo kidogo, mkono kwa mkono.

Na hapo ndipo habari ya mwenyeji inapoanza. Tuna msemo unaotajwa kwenye mabango ya utalii hadi umechakaa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chukua neno lenyewe kama lilivyo. Apone. Msemo unadhani kwamba mwenyeji ana kidonda, na kwamba kuja kwa mgeni kuna dawa. Wasambaa wana fikra inayokaribiana nayo sana. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kwa kina juu ya ufalme wao uliokuwa na makao yake Vugha, alionyesha jinsi siasa yao ilivyozunguka maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwenye mvua na chakula aliiponya nchi. Waliogombana wakaleta njaa waliibana. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kuuliza kila mradi unaopanda mlima: huu unaponya au unabana?

Noti ya maharusi inayotumika Lushoto inapita kwa konda, kwa bodaboda, kwa mama wa plamu, kwa kijana wa njia za msituni, kwa mwenye nyumba ya wageni aliyenunua mayai kwa jirani. Kwa mkulima wa huku jambo hili si dogo. Karoti, viazi na kabichi za Lushoto hushuka Mombo usiku kwenye Fuso kwenda Tanga na Dar es Salaam, na kila mtu wa Usambara anajua nani hupanga bei ya mzigo huo. Dalali huja na kipimo chake. Gunia hushonewa kilemba juu, lumbesa, ili mkulima atoe gunia na nusu kwa bei ya gunia. Pale barabarani kwenye sado, muuzaji na mlaji wanatazamana usoni, na kipimo ni cha muuzaji. Hoteli kubwa yenye bohari ya chakula haiwezi kununua sado moja moja. Itanunua kwa dalali yule yule. Hata ikijengwa juu ya shamba la karoti, karoti yake itapitia lumbesa kwanza.

Najua nitajibiwa kwamba hoteli kubwa zinaajiri, na ni kweli zinaajiri. Unguja yote inajua. Kijana wa Matemwe anayetandika vitanda ana mshahara ambao baba yake mvuvi hakuwahi kuupata, na sitaubeza. Huko Jamaika nako baadhi ya hoteli za aina hii zilianzisha mipango ya kununua mboga kwa wakulima wa karibu, baada ya kulaumiwa kwa kuleta chakula kwa meli. Lakini ajira ya nyuma ya ukuta ina udhaifu wake: inategemea mlango mmoja. Ndege zilipokoma Machi 2020 hoteli zikafungwa, na vijiji vilivyoacha jarife na jembe vikabaki vinatazama bahari. Tena mshahara ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ni ufukwe uliokuwa njia ya kila mtu ukawa na mlinzi, na ni wanawake wa Paje wanaolima mwani kwenye maji mafupi yale yale wanamoteleza watalii kwa tiara. Ajira ingepatikana bila ukuta. Nyumba thelathini za wageni za Lushoto zinaajiri pia, na zikifungwa tatu, ishirini na saba zinabaki.

Wengine watasema basi serikali ipige marufuku. Gambia ilijaribu. Mwaka 1999 ilikataza likizo za kila kitu ndani, ikiwa na hoja hizi hizi ninazozitaja: wenye mikahawa midogo, madereva wa teksi na wauza matunda wa ufukweni walikuwa wanakufa njaa mbele ya hoteli zilizojaa. Kampuni za utalii za Ulaya zikalalamika, wageni wakaelekezwa kwingine, na baada ya muda wa kama mwaka mmoja marufuku ikaondolewa. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba nchi ndogo haiwezi kumlazimisha mgeni wa mbali apende soko lake. Lakini mgeni wa ndani hahitaji kulazimishwa na sheria. Yeye anaweza kuchagua, na maharusi wa Tanzania ni wengi kila Jumamosi.

Pingamizi linaloniuma zaidi linatoka kwa maharusi wenyewe. Wamechoka. Wametoka kwenye miezi sita ya vikao vya kamati, kadi za mchango, kicheni pati, sendofu, ukumbi, emsii, mapambo, na simu za wajomba waliokosa kadi. Wanataka siku tano za kutoamua lolote, na wanataka kujua mapema zitagharimu kiasi gani, kwa sababu akaunti imekauka. Uchovu huo ni wa kweli na hofu ya kuishiwa fedha ugenini ni ya kweli zaidi. Sisemi wachague safari ya miguu siku ya kwanza. Baridi ya Lushoto yenyewe ni kitanda. Mtu analala chini ya blanketi mbili Julai hadi ukungu utoke, na hakuna anayegonga mlango. Nyumba nyingi za wageni hutoza kulala pamoja na chai ya asubuhi, na chakula cha jioni unaagiza mchana ili kipikwe. Kiasi hicho cha kuhudumiwa kinatosha kumpumzisha mtu bila kumfunga. Na kuhusu fedha, mtu anayegawa noti zake kwa siku, kila siku na bahasha yake, anajua alipo kuliko aliyelipa jumla akaja kukuta kumbe boti ile nzuri haikuwa ndani ya kila kitu.

Wanataka pia kujificha mbali na ndugu, na hapa Lushoto inafaa kuliko nyumba ya mjini na pengine kuliko ufukwe. Huku hakuna anayekujua, na kila mtu anakusalimia. Mchanganyiko huo ni adimu. Hotelini hakuna anayekujua na anayekusalimia analipwa kufanya hivyo; nyumbani kila anayekusalimia anakujua hadi shule uliyofeli.

Ndipo inapokuja kumbukumbu, maana fungate watu huifanya ili waikumbuke. Kumbukumbu haishiki vizuri raha iliyonyooka. Asubuhi tano za meza ile ile, bwawa lile lile na muziki ule ule zinajikunja zinakuwa asubuhi moja, na baada ya miaka kumi maharusi wanahitaji albamu ili wajue walikuwa wapi. Akili hushika palipokwaruza: mvua iliyowakuta katikati ya njia ya Irente, sweta la mtumba lililonunuliwa gulioni kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna baridi, mzee aliyekataa kulipwa kwa kuwaonyesha kinyonga. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayosimuliwa watoto. Inasimuliwa na wawili, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Sitaki kuisifu Lushoto kupita kiasi. Barabara ya Mombo huporomokewa na udongo masika. Maji ya moto yana siku zake. Wapo vijana wanaojitia kuwa waongozaji, wakamzonga mgeni tangu stendi, na anayekwenda msituni afuate ofisi za waongozaji wanaotambulika na alipe kiingilio kwa Wakala wa Huduma za Misitu akipewa risiti. Mambo haya yanarekebishika, na yanarekebishwa na wageni wanaokuja na kudai, zaidi ya barua za malalamiko. Linalonitia wasiwasi zaidi ni mtu atakayepanda mlima na michoro ya ukuta, akisema huku ndiko kunakofaa kwa fungate, ekari kadhaa, uzio, helikopta, kila kitu ndani.

Usambara imeshawahi kutoa kitu kikaenda bila kurudi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alikutana na ua dogo la zambarau na kulipeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, jina la familia yake. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, linauzwa kwenye vyungu vidogo kila duka la maua, na misitu lilikotoka inapungua. Usambara imeshawahi pia kuletewa mpango uliobuniwa na wengine kwa ajili yake. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko, wakakataa, wakagombana na watawala, mpango ukaachwa hata kabla ya uhuru. Udongo ulikuwa kweli unamomonyoka. Kilichoukwamisha ni kwamba aliyeshika jembe hakuulizwa. Ukuta wa hoteli ukija utakuja na hoja nzuri pia, na aliyeshika jembe asipoulizwa safari hii atakuwa ameshika sinia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wanamfukuza. Jembe lilimhamisha kutoka kwenye mkeka wa wageni hadi shambani, miongoni mwa watu. Maharusi wa leo hawatapewa jembe Lushoto, ila ifikapo siku ya tatu mama wa plamu atakuwa anawajua kwa sura, na bodaboda atakuwa ameacha kuuliza wanakokwenda.

Kwa hiyo ninyi wajumbe wa kamati za harusi, mkifika kwenye kipengele cha fungate msinunue kifurushi. Wapeni maharusi nauli ya basi la Lushoto na bahasha yenye noti ndogo ndogo, na muwakumbushe wabebe sweta.